Kutunga ni kupitisha uzi: mwongozo kamili wa kuandika kishairi

Karibu kila anayeniletea andiko lake akitaka liwe "la kishairi zaidi" huwa tayari amefanya kosa lile lile: ameongeza. Ameongeza mbalamwezi, ameongeza machozi, ameongeza neno moja zito alilolichimbua kwenye kamusi, na andiko limezidi kufa. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naliandika hatua kwa hatua, ili anayekwama ajue amekwamia wapi.

Kwanza litazame neno lenyewe. Mtu hutunga shairi. Hutunga shanga pia, na hutunga uzi kwenye sindano. Kitenzi ni kimoja. (Jipu nalo hutunga usaha, na yapo mashairi ya aina hiyo.) Anayetunga uzi haongezi kitu. Anaishika ncha, anailowesha, anaibana iwe nyembamba, kisha anailenga kwenye tundu dogo. Kazi tutakayofanya hapa ni hiyo.

Nitatumia aya moja yangu, mbaya, niliyoitoa kwenye daftari la zamani. Tutakwenda nayo hadi mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Aya yako moja uliyokwisha kuiandika, ya maneno 30 hadi 100. Usiandike mpya kwa ajili ya zoezi hili. Ukianza na ukurasa mtupu utapambana na mambo mawili kwa pamoja: la kusema na jinsi ya kulisema.
- Daftari na penseli. Utafuta sana.
- Simu au chombo chochote cha kurekodi sauti.
- Saa ya kukukatia muda.
- Kamusi, ila iache imefungwa hadi hatua ya 4.
- Mtu mmoja anayesoma Kiswahili vizuri na asiyekuonea haya.

Tenga siku nne. Kazi yenyewe ni ya saa tatu hivi, lakini kati ya hatua ya 7 na ya 8 lazima kuwe na siku mbili za kuliacha andiko.

## Hatua ya 1: Iandike upya aya yako kwa mkono, bila kurekebisha kitu

Mkono ni mzito kuliko macho. Ukinakili, utahisi ni sentensi zipi zinakuchosha hata wewe mwenyewe. Yangu ilikuwa hii:

*Mama alipoacha kushona kwa sababu ya macho, huzuni isiyo na kifani ilitanda nyumbani kwetu. Kimya kilitawala kila kona. Moyo wangu ulipasuka vipande vipande kila nilipokitazama cherehani chake kilichokuwa kimebaki kama yatima. Nilitamani sana siku zile nzuri zirudi tena.*

Haina kosa la sarufi. Mwalimu angeiwekea alama ya vyema. Na haina uhai hata kidogo.

## Hatua ya 2: Pigia mstari kila fungu la maneno ulilolikuta tayari

Uliza kwa kila fungu: hili nimelitunga mimi, au limekuja lenyewe likiwa limeshikana? Huzuni huja na "isiyo na kifani". Kimya huja na "kutawala". Moyo hupasuka "vipande vipande". Maneno haya yamesafiri pamoja muda mrefu mno, na msomaji akiliona la kwanza huruka la pili. Hajasoma, amepita tu.

Katika aya yangu kilichobaki bila mstari ni "Mama alipoacha kushona kwa sababu ya macho" na neno "cherehani". Basi.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa. Usibadilishe fungu lililochoka kwa neno adimu. Anayefuta "huzuni" akaandika "simanzi" hajasogea hata hatua moja, ni jina jingine la kisanduku kile kile ambacho bado hajakifungua. Acha nafasi tupu. Tutaijaza kwa vitu.

Ukiona karibu ukurasa wote umepigiwa mstari, uko sawasawa. Kama hujapigia popote, rudia kesho, leo bado unaipenda mno.

## Hatua ya 3: Kaa mbele ya kitu chenyewe dakika 15

Chagua kitu kimoja kilichotajwa ndani ya aya yako, kitu kinachoshikika. Ikiwa hakipo karibu, funga macho ukikumbuke. Weka saa, andika orodha ya mambo 20. Sheria ni mbili: hakuna jina la hisia hata moja, na angalau matano yatoke kwa masikio, pua au ngozi.

Kwangu mambo kumi ya mwanzo yalikuwa takataka: kina rangi nyeusi, kina gurudumu, kina vumbi. Yeyote angeyaona hayo. Kuanzia la kumi na moja ndipo kitu kikaanza kusema:

- droo inayokwama, ndani yake vifungo visivyofanana hata viwili
- harufu ya mafuta ya mashine
- mahali rangi ilipokwanguka, pana kama dole gumba
- shati chini ya mguu wa chuma, lina mkono mmoja
- sindano bado ina uzi, na uzi huo niliutunga mimi, kwa kuwa mama alikuwa haoni tena tundu

Nilipoliandika hilo la mwisho niliacha kuandika. Hiyo ndiyo dalili. Jambo la kweli likifika, mkono husita.

Sababu ya kuandika 20 na si 5 ni kwamba macho huanza na yale yanayojulikana na kila mtu, na lazima uyamalize hayo kwanza. Ukikata orodha mapema unabaki na vumbi.

## Hatua ya 4: Tafuta kitenzi, acha kivumishi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinatugawia mali ya bure na sisi tunaiacha mlangoni.

Waandishi wengi wakitaka uzuri hukimbilia vivumishi: maridhawa, adimu, murua. Lakini nguvu ya lugha hii imo katika kitenzi na mambo yanayobandikwa mbele na nyuma yake. Chukua uzi na kukata:

*Uzi ulikatwa.* Yupo aliyeukata, ila hatajwi.
*Uzi ulikatika.* Hakuna wa kulaumiwa.
*Nilikatiwa uzi.* Sasa yupo aliyekata, na nipo mimi niliyeachwa mikono mitupu.

Sentensi tatu, misiba mitatu tofauti, na hakuna hata neno moja la huzuni. Kabla hujaongeza kivumishi chochote, kipitishe kitenzi chako katika kauli zake zote na uone ni ipi inayobeba jambo lako. Hapa fungua kamusi, lakini itumie kuangalia jinsi kitenzi kinavyonyambulika. Usiwinde maneno mageni.

Nyakati nazo vilevile. "Kilisogezwa ukutani" ni habari iliyokwisha. "Kimesogezwa ukutani" kiko pale hadi sasa, ukigeuka utakiona. Kiambishi *-ka-* husukuma tendo juu ya tendo bila kumpa mtu nafasi ya kulia:

*Mama akaketi, akavaa miwani, akaivua, akainuka.*

Jaribu kuiboresha sentensi hiyo kwa "kwa majonzi makubwa". Itaanguka papo hapo. Na *hu-* haina wakati wala nafsi, ndiyo maana methali huipenda. Tendo lenye *hu-* halikutokea siku fulani. Limekuwa likitokea tangu kale. Ihifadhi kwa mahali unapotaka jambo dogo lionekane halina mwisho.

Utakuwa umefika ikiwa unaweza kufuta vivumishi vyote vya aya na bado msomaji akajua kilichotendeka na aliyeumia.

## Hatua ya 5: Jaribu mfano mmoja, kisha uwe tayari kuutupa

Tashbihi huja na "kama", "mithili ya", "mfano wa". Sitiari huliondoa "kama" na kukiita kitu kwa jina la kingine. Tashihisi hukipa kisicho na uhai tabia ya mtu. Hayo tumefundishwa wote. Tusichofundishwa ni jinsi ya kuupima mfano kabla ya kuuweka.

Mimi huuliza hivi. Je, naweza kuuchora? "Moyo uliopasuka" siwezi kuuchora bila kuchekesha. Je, umetoka katika dunia ile ile ya andiko? Aya ya cherehani inavumilia sindano, mkasi, kitambaa. Simba akiingia humo atavunja vitu. Je, unanionyesha jambo ambalo kitu chenyewe hakijanionyesha? Swali hili la tatu ndilo linaloua mifano mingi.

Cherehani "kama yatima" kilikufa kwa swali hilo. Nikajaribu "kama kaburi", nikajionea aibu. Nikajaribu "kama mbwa anayemngoja mwenyewe mlangoni". Huo ulikuwa na uhai kidogo, lakini ulimfanya msomaji amhurumie mbwa. Mwishowe sikuweka mfano wowote. Si kila aya inahitaji, ingawa najua ni vigumu kuamini hilo ukiwa umeketi hapo na penseli.

Tashihisi ina mlango wake wa kimyakimya katika Kiswahili, nao ni ngeli. "Cherehani kimechoka" ni mashine. "Cherehani amechoka" ni mtu wa nyumbani. Silabi moja imefanya kazi ya sentensi nzima. Ukitumia mlango huu, utumie mara moja tu katika andiko, ama sivyo msomaji atadhani hujui upatanisho.

## Hatua ya 6: Isikilize kwa hesabu

Soma aya yako kwa sauti, jirekodi, sikiliza. Palipo na pumzi fupi au ulimi kujikwaa, weka alama. Kisha hesabu mizani, yaani silabi.

Kuhesabu kwetu ni rahisi kuliko katika lugha nyingi: karibu kila irabu ni silabi moja, na mkazo wa neno karibu siku zote huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi *m* au *n* ikisimama peke yake mbele ya konsonanti nayo huhesabiwa: *m-ko-no* ni tatu, *n-chi* ni mbili.

Sikiliza methali hii:

*Haraka haraka* (6) / *haina baraka* (6)

Sita kwa sita, na silabi za mwisho zinaitikiana. Ungeigeuza iwe "mtu mwenye haraka hapati baraka" maana ingebaki ile ile, lakini hakuna ambaye angeikumbuka.

Ili kulizoeza sikio, geuza aya yako iwe ubeti mmoja wa tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane katika ukwapi (nusu ya kwanza) na nane katika utao (nusu ya pili). Ubeti mzima una mizani 64. Vina, yaani silabi za kuishia kila nusu, vya kati vifanane, na vya mwisho vifanane. Hata kama hutaki kuandika mashairi ya arudhi, yaani ya kanuni za vina na mizani, maishani mwako, fanya zoezi hili. Kipimo hukulazimisha kutupa neno unalolipenda kwa sababu tu lina silabi moja zaidi, na hapo ndipo unapogundua kuwa hukulihitaji.

Wangu:

*Cherehani chake mama, kimekaa ukutani,*
*Gurudumu limekwama, na uzi u sindanoni,*
*Shati lile limekoma, mkono mmoja ndani,*
*Nikipita nainama, nisikie yu kazini.*

Si ubeti mkubwa. Kina cha *-ni* ni cha bei rahisi, maana kila mahali panaweza kuishia na *-ni*, na ukiwa mvivu kitakubeba hadi ubeti wa mia. Lakini mshororo wa mwisho sikuwa nao kabla ya kipimo kunibana. Mimi niliyeinama kusikiliza nimezaliwa na hitaji la kina cha *-ma*.

Tahadhari tatu kuhusu sauti.

Usijifiche nyuma ya uhuru wa mshairi. Inkisari hukuruhusu kulifupisha neno, mazda kulirefusha, na ipo pia ruhusa ya kupindua mpangilio wa maneno. Hizo ni dawa za dharura. Ukikuta umefupisha maneno manne katika ubeti mmoja, tatizo ni wazo lako, halijaiva.

Upatanisho wa ngeli hukupa takriri ya sauti bila jasho: *vitambaa vyake vyote vimekunjwa*. Tamu, lakini ikiendelea sentensi tatu itakuwa wimbo wa watoto wa chekechea. Ivunje kwa kubadilisha ngeli: *vitambaa vyake vyote vimekunjwa, mkasi umefungwa.* Ule *m-u* unaingia kama mlango unaorudishiwa.

Tanakali za sauti, kama *pu*, *chubwi*, *ti*, *pe*, zina nguvu ya ajabu kwa sababu haziwi maelezo, zinakuwa tukio lenyewe. Jiwe likitumbukia *chubwi*, msomaji amelowa. Moja kwa ukurasa inatosha.

Baada ya ubeti, rudi kwenye nathari yako. Usiipime kwa namba sasa. Iandike tena kwa sikio lililotoka mazoezini.

## Hatua ya 7: Kata, na uanzie mwisho

Sentensi ya mwisho ya rasimu karibu kila mara ni maelezo: "Nilitamani sana siku zile nzuri zirudi tena." Mwandishi anaogopa kwamba msomaji hajaelewa, anamrudia mlangoni na kumwambia. Ifute. Kisha futa *sana*, *mno*, *kabisa*, *kwa kweli*. Futa majina ya hisia. Futa kila jambo la orodha yako lisilofanya kazi, hata likiwa zuri. Droo yangu ya vifungo niliipenda, ikatoka.

Aya ilivyobaki:

*Mama haoni tena tundu la sindano. Uzi uliomo niliutunga mimi. Cherehani kimesogezwa ukutani, na chini ya mguu wake wa chuma limebaki shati lenye mkono mmoja. Nikipita nalizungusha gurudumu, kidogo, kwa kidole. Sindano hushuka, hupita kwenye tundu lile lile, hupanda.*

Ya kwanza ilikuwa na maneno 38. Hii ina 39. Kwa hiyo kukata hakukuifanya fupi. Katikati ya safari ilikuwa imevimba hadi ukurasa mzima, ikarudi. Tofauti ni kwamba sasa kila neno lina ajira. Angalia pia *hu-* ya mwisho ilivyokuja kukaa mahali pake, na *tundu* la sentensi ya kwanza lilivyorudi katika ya mwisho bila mimi kulitangaza.

## Hatua ya 8: Ilaze, kisha mpe mtu aisome kwa sauti

Siku mbili usiiguse. Halafu mpe yule msomaji wako karatasi, mwombe aisome kwa sauti mbele yako. Usimweleze inahusu nini. Usikae ukitikisa kichwa. Wewe fuatilia na nakala yako, na weka alama kila anapojikwaa, anaporudia neno, au anapoharakisha. Anapojikwaa, sauti ina kasoro. Anapoharakisha, amechoshwa.

Maoni yake yapokee kwa kiasi. "Ni nzuri sana" haikupi kitu cha kurekebisha, na "sijaielewa" huenda ikamaanisha tu kwamba amezoea kuambiwa ahisi nini.

## Ukikwama

*Kila ninachokitazama hakisemi kitu.* Umechagua kitu kinachofaa ushairi, kama ua au mwezi. Chagua kitu kibaya: ndala iliyokatika, ufunguo usiojulikana ni wa mlango gani.

*Aya yangu imekuwa baridi, haina hisia.* Kwa kawaida ni kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayefanya kitu. Mwingize mmoja, mpe tendo dogo la mkono. Kwangu ni kile kidole kwenye gurudumu.

*Natunga vizuri lakini vyote vinafanana.* Badilisha nafsi na wakati kabla ya kubadilisha mada. Andika aya hiyo hiyo kwa "wewe". Andika kwa *-taka-*: mama atakapoacha kushona. Inatisha zaidi.

Na ukitaka kujua kama umefika, usisubiri pongezi. Yule niliyempa aya hii aliisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Shati lilikuwa la nani?" Mtu haulizi hivyo kuhusu huzuni isiyo na kifani. Ukiulizwa swali kama hilo usilijibu kwa mdomo. Chukua penseli, fungua ukurasa mpya, uanzie kwenye shati.